Esha Alivyomfuata Mwanawe Ngazija

Mmadi Mngazija alipoondoka Newala na mtoto, alisema wanakwenda kumsalimia bibi yake mtoto, mama yake yeye Mmadi, ambaye alikuwa mgonjwa, na kwamba pepo za bahari zikigeuka watarudi. Esha alimfungia mwanawe nguo zake na muhogo wa kuchemsha, akawasindikiza mpaka lori lilipokuwa likipakia. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne, jina lake Bimdogo, na saa ile alikuwa amelala begani kwa baba yake. Kwa hiyo hawakuagana.

Mmadi alikuwa fundi cherehani. Alifika huku bara siku zile Wazungu walipofyeka mapori ya Nachingwea ili walime karanga, na karanga zilipowashinda akahamia Newala, akawa anashona kaptula na kanzu kwenye baraza ya duka la Mhindi. Hakuwahi kumpiga Esha wala kumtukana. Alimwoa kwa taratibu zote, akakaa naye Makote kwa wakwe zake kama desturi ya Wamakonde inavyotaka, na hata jirani walisema yule mgeni ana adabu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka alipomchukua mtoto.

Pepo ziligeuka, zikageuka tena. Mwaka wa kwanza Esha alikuwa akienda stendi ya malori kila wiki. Mwaka wa pili aliacha kwenda, lakini kila aliposikia mtu ametoka Mikindani au Lindi, alimfuata mtu huyo nyumbani kwake na kumwuliza. Hakuzaa tena. Wanawake wenzake waliendelea kumwita Mama Bimdogo, na kila alipoitwa hivyo aliitika, kisha akaitupia macho njia kabla ya kuuliza wanataka nini.

Aliyeumia zaidi mbele za watu alikuwa kaka yake, Alfani. Kwa Wamakonde mtoto ni wa mama yake na wa mjomba wake. Baba ni mtu aliyekuja kuishi nao. Alfani alikuwa mkulima wa korosho, mtu mrefu, mzito wa maneno, na katika kila msiba palikuwa na mzee wa kumwuliza, "Yule mpwa wako yuko wapi sasa?" Alikuwa akijibu, "Yuko safarini." Akirudi nyumbani siku hiyo hali chakula.

Mwaka wa saba akaja baharia mmoja aliyeoa Makote, akasema amemwona Mmadi kwa macho yake mjini Moroni, kulekule Ngazija, akipanda meli ya kwenda Majunga kutafuta kazi, na kwamba binti yake analelewa na shangazi katika kijiji kimoja cha mlimani, juu kidogo ya mji. Msimu wa korosho ulipokwisha, Alfani aliuza magunia yake yote, akaja akasimama uani kwa dada yake.

"Funga mzigo," alisema. "Tunakwenda kumchukua."

Walishuka kwa lori mpaka Mikindani, wakamkuta nahodha aitwaye Mrisho anayepeleka mbuzi na mtama Ngazija. Mrisho hakupenda kuchukua mwanamke, lakini alipoelezwa safari yenyewe alikubali, akamtengea Esha mahali nyuma, karibu na jiko la mchanga. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri. Kwa Esha haikuwa na uzuri wowote. Alitapika tangu walipopita mwamba wa bandari, akatapika hata maji, na harufu ya mbuzi waliolowa ikamwingia mpaka kwenye nguo za ndani. Alfani alilala kando yake amefumba macho, ameshika kamba kwa mikono miwili. Hawakusemezana mpaka asubuhi moja baharia mmoja alipomgusa Esha mguu, akamwonyesha mbele.

Aliona mlima. Ulikuwa umetoka moja kwa moja baharini, mpana chini, na kileleni umezibwa na wingu. Esha alikuwa amezoea kusimama ukingoni Newala na kuangalia chini, bonde la Ruvuma na nchi ya Wareno ng'ambo. Hakuwahi kuangalia juu namna ile. Walipokaribia, waliona pwani nyeusi, na michirizi mipana myeusi inayoshuka kutoka mlimani kupita katikati ya minazi mpaka majini.

"Wamechoma mashamba," Alfani alisema.

"Ni mlima umechoma," Mrisho alimjibu. "Unatapika moto. Hayo ni mawe, yalikuja yanatiririka kama uji."

Alfani alidhani anataniwa. Aliposhuka pwani aliinama akaokota kipande, akakiona kina vitundu kama mkate, akakirudisha palepale kilipokuwa.

Esha alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima, alipopata nafuu ya kichefuchefu, alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia huyo shangazi, maneno makali ya Kimakonde ambayo aliyatafutia Kiswahili chake. Lakini tangu unyayo wake ulipogusa ardhi ile, hakuna aliyempa nafasi ya kugombana. Mwanamke asiyemjua alimnyang'anya mzigo akaubeba yeye. Mwingine alimletea maji ya kunawa uso. Waliposema wanatafuta nyumba ya Mmadi fundi, watu wakaanza kuwaongoza kupandisha kijijini, wakawa kundi, na kila walipopita mlango mtu alitoka kuwauliza wametoka wapi, na alipojibiwa akasema poleni na bahari.

Bi Zaliha, dada yake Mmadi, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amejipaka liwa usoni, na alijua Kiswahili kwa sababu aliishi Unguja usichanani mwake. Alimtazama Esha, akazitazama chale za mashavuni mwake, akajua.

"Wewe ni mama yake," alisema.

"Ndiye mimi."

"Karibu nyumbani. Nilimwambia Mmadi kwamba utakuja. Miaka yote nilimwambia."

Aliwaketisha mkekani, akawaletea wali na ndizi zilizopikwa kwa nazi, na maji aliyoyateka mwenyewe kwenye birika kubwa la maji ya mvua lililo uani. Akawaeleza kwamba kisiwa hiki hakina mto hata mmoja. Mvua inanyesha nyingi lakini mawe yanaimeza yote, na mtu asiyekinga maji ya paa lake atakufa kwa kiu mvua ikinyesha. Esha aliyashika yale maji mkononi. Maisha yake yote alikuwa ameshuka bondeni alfajiri na mtungi na kupanda nao jua likiwa kali. Alisikia hasira yake inalegea, na kulegea kule kukamtia hofu.

Kisha mtoto akaingia.

Alikuwa mrefu kuliko Esha alivyomwazia, amevaa vikuku miguuni, nywele zimesukwa vizuri. Alibeba kuni. Alipowaona wageni aliziweka chini, akaja akawashika mikono kwa heshima, Alfani kwanza, kisha Esha. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Esha alikuwa amemletea kanga mpya kutoka Newala. Aliitoa akampa, na mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akasema:

"Marahaba."

Esha aliganda. Kwao marahaba ni jibu la mkubwa anapoamkiwa na mdogo. Alidhani mtoto amemdharau, au anamcheka. Bi Zaliha akamgusa goti.

"Anakushukuru," alisema. "Kwetu ndiyo asante."

Kisha akamgeukia mtoto, akasema naye kwa Kingazija, maneno machache, polepole. Esha alisikia jina lake katikati. Mtoto alimtazama Esha usoni kwa mara ya kwanza, hasa zile chale, akatazama mlango, halafu akaenda akakaa nyuma ya mgongo wa Bi Zaliha.

Wazee wa kijiji walipokutana kusikiliza dai lao, Alfani alivaa kanzu ya kuazima. Walikaa kwenye uwanja wao wa mawe karibu na msikiti, wazee wakiwa na fimbo zao, na Alfani akasimama akasema aliyotoka nayo Makote. Alisema kwa ufupi. Kwamba huyu mtoto ni wa tumbo la dada yake. Kwamba baba yake alimchukua kwa uongo. Kwamba kwao ukoo hupita kwa mwanamke, na yeye mjomba hawezi kufa akaacha damu ya mama yake ng'ambo ya bahari.

Alitegemea kubishiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akimtafsiria alimaliza, na wazee wakatazamana, na wakaanza kutikisa vichwa wakikubali.

"Mgeni wetu," alisema yule mzee, "ulivyosema ndivyo ilivyo hata kwetu. Hapa nyumba ni ya mwanamke na watoto ni wa upande wa mama. Huyu binti tunampenda, lakini Bi Zaliha hakuzaa, na nyumba yake ni ya watoto wa dada zake. Binti wa kaka yake hana chumba cha kurithi hapa. Kwenu anacho. Mmadi alikosa. Mchukueni mtoto wenu, na mtuwie radhi."

Bi Zaliha alikuwa amekaa pembeni na wanawake. Alipoulizwa, alisema, "Siwezi kumnyima mama mtu mtoto wake. Mimi nilipewa nilee, nikalea." Aliinuka akaenda nyumbani, na hakuna aliyemfuata.

Alfani alikuwa na furaha ambayo Esha hakuwahi kuiona kwake. Jioni ile alikula sana, akacheka na vijana wa pale. Esha alimsogelea.

"Kaka, hakuna aliyemuuliza mwenyewe."

"Aulizwe nini? Mtoto haulizwi."

Ikabidi wangoje kusi ianze ndipo jahazi la Mrisho lirudi. Wakati wa kungoja, Esha alilala chumba kimoja na mwanawe. Hakukosewa adabu hata mara moja. Mtoto alimtandikia, alimchotea maji, alimjibu kwa Kiswahili kidogo alichokijua, ndiyo, hapana, bado. Alipotaka kucheka alitoka nje. Wanakijiji waliwaalika kila nyumba, wakawapa maziwa na samaki, na wanawake walimfundisha Esha kusaga liwa. Siku moja waliwapeleka juu, kwenye msitu wa mlimani, wakaone mahali mvuke unapotoka ardhini. Bimdogo alitangulia pekupeku juu ya mawe yale makali kama anatembea kwenye mkeka, akiwaonyesha mahali pa kukanyaga. Alfani aliteleza akakaa chini kwa kishindo, na mtoto akacheka, cheko la wazi, na Esha akasimama kusikiliza. Hapohapo ardhi ikatikisika kidogo. Haikuwa kitu, watu wa pale hata hawakunyamaza. Lakini Bimdogo, ambaye alikuwa amesimama karibu na Esha kiasi cha kugusana naye, alimpita akakimbia nyuma mpaka kwa Bi Zaliha, akamshika nguo.

Esha aliuona mkono wake mwenyewe umenyooshwa mbele yake. Aliushusha.

Siku ya kuondoka kijiji kizima kiliteremka pwani. Walibebeshwa nazi, ndizi, kitambaa, chupa ya mafuta mazuri ya maua. Bimdogo hakulia. Alishuka njia yote ameshika mkono wa Bi Zaliha, na walipofika majini alikuwa bado ameushika. Bi Zaliha alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, huku akimwambia jambo kwa sauti ya chini, akamkabidhi kwa Esha.

"Usimfokee akiwa na njaa," alimwambia Esha. "Huwa hasemi kama ana njaa."

Esha alitamani mwanamke yule angekuwa mbaya.

Makote walipokelewa kwa ngoma. Wazee waliompokonya Alfani usingizi kwa maswali yao walikuja kumpa mkono. Esha alimwonyesha mwanawe chumba, kitanda cha kamba alichokisuka upya, mikorosho iliyo yake kwa upande wa bibi mzaa mama. Bimdogo aliangalia kila kitu kwa adabu ileile.

Hakuelewa Kimakonde hata neno. Watoto wenzake waliigiza matamshi yake, si kwa ubaya, wakachoka, wakamwacha. Alfajiri aliondoka na wanawake kushuka bondeni kwenye maji, na kwenye kupanda mtungi ulimshinda, ukamwagika mgongoni, akafika nyumbani na maji ya kulowesha ulimi tu. Esha alimwambia asiende tena. Akawa anakaa mlangoni. Alikuwa anakunywa maji kidogo kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba, na Esha akagundua kwamba anafanya hivyo kwa makusudi, ili asiwe mzigo kwa aliyeyachota.

"Tutarudi lini?" aliuliza siku moja.

"Wapi?"

"Kwetu."

"Hapa ndiyo kwenu, mwanangu. Hapa ndipo ulipozaliwa, chumba kilekile."

Bimdogo alikitazama chumba. "Ndiyo, mama," alisema. Lilikuwa neno la heshima, vile anavyoitwa mama yeyote wa mtaani, na wote wawili walilijua hivyo.

Msimu wa korosho ulipoanza, Alfani alisema mtoto aingizwe unyago na wenzake, awe mtu wa pale moja kwa moja. Esha aliomba wangoje mwaka mmoja. Alfani akasema mwaka mmoja unaongeza nini. Walibishana mbele ya mtoto, kwa Kimakonde, wakidhani haelewi. Asubuhi iliyofuata Bimdogo hakuwapo.

Walimtafuta bondeni, wakapiga kelele ukingoni, wakahofia ameanguka. Alikuwa ameingia kwenye lori la korosho, katikati ya magunia. Alijua tu kwamba alipokuja alipanda lori kutoka baharini, kwa hiyo akaona lori litamrudisha baharini. Lile lilikuwa linakwenda Masasi. Dereva, kijana aitwaye Vitalis, alimkuta anatetemeka kwa homa alipofungua turubai, akampeleka Lisekese, kando ya Masasi, kwa mama yake mdogo, Anjelina, mke wa mwalimu Barnaba wa shule ya misheni. Kisha akarudi Newala kuuliza ni mtoto wa nani.

Esha alifika Lisekese na vumbi la njia nzima usoni. Anjelina alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, ambaye hakuuliza mambo mengi. Alimwonyesha kitanda. Mganga wa misheni alikuwa amempa mtoto dawa ya malaria, lakini homa ilikuwa bado juu, na Bimdogo alikuwa akisema mfululizo, kwa sauti ya kuomba, midomo imekauka.

"Shikamoo, Mama Cecil," Esha alisema, kwa kuwa alishaambiwa jina la mtoto wa nyumba ile.

"Marahaba. Kaa hapa, Mama Bimdogo. Labda akikusikia atatulia. Anasema nini? Tangu jana anarudia neno moja, na sisi hatuelewi."

Esha alimwinamia. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Lilikuwa neno fupi, linarudiwa na kurudiwa, na mwishoni mtoto alikuwa kama anauliza.

"Sijui," alisema.

"Si Kimakonde?"

"Si Kimakonde. Mimi ni mama yake, lakini sijui anasema nini."

Anjelina alileta kitambaa chenye maji, akampa Esha, akatoka akawaacha.

Homa iliposhuka na mtoto akaanza kunywa uji, Esha alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, si kule wala huku.

"Unataka nini, Bimdogo? Sema. Sitakasirika."

Mtoto alimtazama, kuona kama ni mtego.

"Nataka kwa Mama Zaliha."

"Na mimi?"

Bimdogo alifikiri kweli. Hakutaka kumwumiza. "Wewe uje kututembelea," alisema. "Watakupokea vizuri."

Alfani alikuja kuwachukua, akawakuta uani kwa Anjelina na mzigo umefungwa, lakini si wa kwenda Newala. Esha alimwambia palepale amesimama. Kwamba lori la Lindi linapita Nanganga, na wao wanakwenda kulisubiri huko, na kutoka Lindi watafika Mikindani, na Mrisho ataondoka na kaskazi.

"Umeugua wewe," Alfani alisema.

"Sijaugua."

"Niliuza korosho zangu. Nilisimama mbele ya wazee wa watu nisiowajua. Nilidai, nikapewa. Sasa unataka niwaambie nini watu wa Makote? Kwamba tumemrudisha mtoto kama mzigo uliokataliwa?"

"Waambie alikuwa anakufa."

"Hafi. Yuko pale anakunywa uji. Watoto wote hulia, kisha huzoea."

"Huyu halii, kaka. Angekuwa analia ningemwacha azoee."

Alfani alisogea karibu, akashusha sauti kwa sababu Mwalimu Barnaba alikuwa anatazama kutoka barazani. "Mtoto huyu si wako peke yako. Ni wa mama yetu. Ukimtupa, usiniite kaka."

Esha aliingia ndani, akamshika mwanawe mkono, akatoka naye. Alfani hakuwazuia. Alibaki amesimama ameangalia chini, na walipofika kwenye kona ya njia Esha aligeuka, akamwona bado yuko vilevile.

Nanganga walikaa kando ya barabara na wanawake wanaouza ndizi mpaka lori likaja. Njia yote ya Lindi Bimdogo alisema zaidi ya alivyosema miezi yote Makote. Alimwambia Esha majina ya mbuzi wa Bi Zaliha. Alimwambia kwamba usiku mlima ukiwaka unaona wekundu chini ya mawingu, na kwamba haogopi, ila ardhi ikitikisika ndiyo anaogopa. Esha alisikiliza. Ndizo siku alizokuwa na mwanawe, na alijua hivyo wakati zikipita.

Mikindani walimkuta mke wa Mngazija mmoja anarudi kwao katika jahazi la Mrisho, akakubali kumwangalia mtoto. Bimdogo alimbusu Esha mkono, akaurudia tena, kisha akapanda ubao akikimbia. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Esha hakuwahi kuupata uso ule, hata siku moja, na hakukaa kuutazama mpaka mwisho. Alikwenda nyuma ya ghala la forodha akakaa chini.

Kusi ilipoanza, alishuka tena Mikindani kumngoja Mrisho. Alfani alikuwa hajamsemesha tangu Lisekese. Walikuwa wakipishana njia ya shamba na kaka yake akiangalia upande wa pili.

Mrisho alimwona kabla hajashuka, akachelewa kushuka, na Esha akaingia majini kumfuata.

"Alifika salama," Mrisho alisema. "Mimi mwenyewe nilimpandisha mpaka kijijini. Lakini, mama, Bi Zaliha tulimkuta ameshakufa. Aliugua kifua. Walikuwa wameshamzika tangu mwanzo wa mvua."

"Na mtoto anakaa na nani?" Esha aliuliza.

"Nyumba imechukuliwa na binti za dada zake, ndiyo sheria yao. Si watu wabaya. Walimkaribisha, wakampa pa kulala. Majirani nao walimpa kula, unawajua walivyo. Lakini alikuwa kama mgeni. Niliporudi kupakia nazi, nikauliza habari zake, nikaambiwa ndugu mmoja wa baba yake amempeleka Majunga kwa Mmadi."

"Majunga ni wapi?"

"Bukini, kile kisiwa kikubwa. Mbele zaidi ya Ngazija."

"Wewe unafika huko?"

"Sifiki. Wanakwenda kwa meli ya Wafaransa."

"Alisema kitu? Ulipomwacha?"

Mrisho alivua kofia akaishika. Angeweza kutunga neno, na Esha aliona kwamba anafikiria kulitunga. "Hakusema kitu," alijibu. "Alikaa kizingitini. Wale watoto wa nyumba walimwita aingie ndani akale, akainuka akaingia."

Esha alirudi Newala na lori lililobeba mabati. Makote alikuta mtama umekomaa na ndege wameushambulia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Hakuwafukuza. Aliendelea kushuka bondeni na kupanda na mtungi, kwa vile mtu lazima anywe, na wanawake walipomwita Mama Bimdogo hakuitika tena, wakaacha kumwita.

Siku moja Alfani alikuja. Alisimama uani na jembe begani, akauliza kwa upande, kama anauliza habari za mvua.

"Una habari za mtoto?"

Esha alimweleza yote aliyoambiwa na nahodha. Hakupunguza. Alfani alisikiliza mpaka mwisho, akatua jembe, akalishika mpini.

"Majunga," alisema. "Tungeuza korosho za mwaka huu, tungefika?"

"Sijui, kaka. Na tukifika tutamwambia nini?"

Alfani alikaa kwenye gogo, mbali kidogo na dada yake. Mwishowe aliinuka, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Esha akaingia ndani akalala, ingawa ilikuwa mchana na hakuwa na usingizi.